Pakikatika Hapa, Nani Analia?

Haya niliyasema Jumamosi iliyopita katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tanga, mbele ya vijana wa mwaka wa kwanza, mafundi wa mjini na walimu wachache. Waliokosa wameniomba niyaweke, basi nimeyaweka yote kama yalivyotoka. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Ndugu mkuu wa chuo, walimu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliogombania viti vya nyuma vilivyo karibu na soketi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie misingi ya mitandao ya kompyuta na jinsi inavyopangwa. Nimekubali, ila mniruhusu nianzie mwisho. Vitabu vinaanza na maana: mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipeane data. Ni kweli, andikeni, mtihani utauliza. Lakini tangu nianze kazi hii hakuna mteja hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza maana ya mtandao. Wananipigia umekata. Wananipigia saa mbili asubuhi, foleni ya watu imefika mlangoni, na sauti ya mtu inatetemeka. Kwa hiyo mimi leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke: pakikatika hapa, nani analia?

Hapa Tanga hakuna asiyemjua mvuvi. Mvuvi wa mshipi, uzi wake ukikatika, kapoteza ndoana, chambo na samaki. Mvuvi wa jarife, yaani wavu mkubwa, jicho moja likikatika, kuna samaki kapenya hapo, lakini jarife limebaki jarife na usiku litategwa tena. Wote wawili wanatumia uzi. Kinachowatofautisha ni namna uzi ulivyofungwa. Basi mkisikia wataalamu wanasema topolojia, msiogope. Wanauliza uzi umefungwaje.

Nianze na mshipi.

Mwaka 2001 nilikuwa kijana wa kubeba ngazi katika ofisi moja Dar es Salaam. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta kumi na nne, zote kwenye waya mmoja mweusi, mfano wa waya wa antena ya televisheni. Waya unaanzia chumba cha mhasibu, unapita chini ya kila meza, unaishia masjala. Nyuma ya kila kompyuta kuna kiungo cha chuma chenye umbo la herufi T: mkono huu unapokea waya, mkono huu unautoa, mguu unaingia kwenye kompyuta. Na kwenye zile ncha mbili za mwisho kuna kizibo kidogo, tunakiita terminata, ndani yake kuna ukinzani wa omu 50. Kazi yake? Mawimbi yanayofika mwisho wa waya yafie pale. Kizibo kikikosekana yanagonga na kurudi, kama sauti kwenye pango, na kila kompyuta inasikia mwangwi badala ya maneno.

Mpangilio huu unaitwa basi. Ulizaliwa mwaka 1973 huko Palo Alto, California, kwenye maabara ya kampuni ya Xerox, mikononi mwa Robert Metcalfe na David Boggs. Wakauita Ethernet. Adabu yake ni ya barazani: kabla hujasema, sikiliza kama kuna anayesema. Wawili mkianza pamoja, wote mnanyamaza, kila mmoja anasubiri kitambo chake cha kubahatisha, kisha anajaribu tena. Si mmewaona wazee barazani? "Sema wewe." "Hapana, anza wewe." Ndivyo mashine zile zilivyokuwa zikifanya, mara nyingi kwa sekunde, na zilifika.

Sasa siku hiyo, kama saa nne asubuhi, ofisi nzima ikazimika. Kompyuta zinawaka, umeme upo, lakini hakuna anayemwona mwenzake. Printa haionekani, mafaili hayafunguki. Fundi wangu mkuu, mzee mmoja ambaye hakuwa anaondoka mezani kabla ya kumaliza chai ya rangi, akanitazama akasema, "Chukua terminata, ingia chini ya meza ya saba."

Kwa nini ya saba? Kwa sababu zilikuwa kumi na nne. Unaukata waya katikati, unaziba, unapima upande mmoja. Ukifanya kazi, ubovu uko upande wa pili. Upande wa pili nao unaugawa katikati. Nikatambaa chini ya meza, vumbi mpaka kwenye kope, nikijigonga kichwa kila zamu. Mara ya tatu tukafika masjala. Mama mmoja wa masjala alikuwa ameivuta meza yake kuelekea dirishani apate upepo. Kile kiungo cha T kilikuwa kimechomoka, kinaning'inia kama sikio lililopoteza hereni. Tulipomweleza akashangaa kwa dhati: "Mimi nimesogeza meza yangu tu, baba. Kompyuta yenyewe hata sijaiwasha."

Mmeona? Hata hajaiwasha. Mtu mmoja katafuta upepo, watu kumi na watatu wamekosa kazi. Pakikatika hapa, nani analia? Kwenye basi jibu ni fupi: wote. Na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba kilio hakikuonyeshi kilikotokea. Waya ule uliruhusiwa kufika mita 185 na kubeba hadi vituo 30. Hebu nifikirieni meza thelathini, na kichwa changu ni hiki kimoja.

Mpangilio wa pili ni duara, sitakaa nao sana. Kompyuta zimeshikana mikono zikazunguka, na kuna kijiti kinachopita kama cha mbio za kupokezana. Mwenye kijiti ndiye anayesema. Kampuni ya IBM iliusukuma sana kuanzia miaka ya 1980, na kwa utaratibu ulikuwa na nidhamu kuliko basi, maana hakuna kugongana. Mimi nimeukuta mara moja tu, tena ukiwa unang'olewa. Ulikuwa ghali, na kilicho ghali huku kwetu hakifiki, au kinafika kikiwa mtumba. Ila msiuzike duara. Umerudi kwa mlango mkubwa, kwenye faiba, ule uzi mwembamba wa kioo unaobeba data kwa mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepangwa kwa mizunguko kwa makusudi kabisa: faiba ikikatwa upande huu wa duara, data zinageuka na kuzunguka upande wa pili. Lile duara ambalo mkono mmoja ukiachia kijiti kinakwama limekuwa imara nchi nzima, kwa sababu mara hii limepewa ruhusa ya kurudi nyuma.

Haya, tuje kwenye nyota, ambayo nyote mnaitumia hata kama hamjui.

Kila kompyuta ina waya wake, na nyaya zote zinakwenda kwenye kisanduku kimoja. Waya wenyewe mnaujua, una nyuzi nane ndogo zilizosokotwa mbili mbili, na mafundi hapa wanazisema usingizini: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kijana mmoja asubuhi kaniuliza kwa nini kijani zimetenganishwa na bluu zimeingia katikati, kwa nini tusipange zikafuatana vizuri. Swali zuri. Zile pini za katikati zilikuwa za simu tangu zamani, na bluu ndiyo iliyokuwa jozi ya simu. Tumerithi nyumba ambayo mlango ulishawekwa. Na msokoto si urembo. Kelele za umeme zikija kutoka nje zinazipata nyuzi zote mbili sawasawa, na mwisho wa waya zinafutana. Ndiyo maana nawagombeza mnapozisokotoa sentimita tano kabla ya kukrimpu, yaani kubana kichwa cha waya. Acheni msokoto ufike karibu na kichwa. Na kikomo cha urefu wa waya, mita 100, jamani, ni mita 100. Usiniambie imefika 130 na inashika. Inashika leo.

Mama yule wa masjala angekuwa kwenye nyota, angesogeza meza yake mpaka Zanzibar na angelia peke yake. Huo ndio uzuri. Pakikatika waya wa mmoja, analia mmoja, na taa yake kwenye kisanduku imezimika inakuonyesha kwa kidole. Sijatambaa chini ya meza kwa miaka mingi, alhamdulillahi.

Lakini kile kisanduku chenyewe kikifa?

Kuna shule moja nilikwenda, maabara ya kompyuta thelathini, zote zimekata. Nikafungua kabati: swichi, ndicho kile kisanduku, imezima kabisa, ina harufu ya kitu kilichoungua, lakini si harufu ya plastiki. Nikafungua skrubu nne. Ndani, juu ya ubao wa umeme, alikuwa amelala mjusi, mkavu kama dagaa, mkia kwenye mguu wa kapasita hii na kichwa kwenye ile. Aliingia kwa tundu la feni akitafuta joto. Wanafunzi thelathini, mwalimu mmoja, na mitihani ya vitendo Jumatatu, wote wameangushwa na mjusi! Tangu siku ile kwenye begi langu nina wavu wa chandarua na gundi. Chekeni, lakini nendeni mkatazame makabati yenu.

Na kisanduku hicho kina akili kiasi gani? Zamani tulikuwa na habu. Habu ni mbiu ya mgambo: kinachoingia kwa mmoja kinapigiwa wote. Swichi ni mjumbe wa nyumba kumi. Anamjua kila mtu wa mtaa wake kwa sura, na sura ya kompyuta ni ile namba ya biti 48, yaani sifuri na moja 48 zilizopangwa, iliyochapwa kwenye kadi yake kiwandani. Barua ya nyumba ya nne anaipeleka nyumba ya nne, majirani hawajui. Ila muulize mjumbe huyo barua ya Kigoma. Atakuambia, "Hiyo mimi sina habari nayo, mpe ruta." Ruta ndiye anayejua barabara za nje ya mtaa, na yeye hasomi sura, anasoma anwani ya IP, ile namba inayoonyesha mashine iko mtandao gani. Ukiona anwani inaanza na 192.168, ujue hiyo ni ya ndani ya uzio, kama kusema "chumba cha tatu kushoto". Anwani za nje za mtindo ule wa zamani, wa biti 32, ni kama bilioni 4.3 tu, na binadamu tunazidi bilioni nane na kila mmoja anataka simu mbili. Ndiyo sababu nyumba nzima inatoka nje kwa anwani moja ya ruta. Kumbe akiharibu jina mmoja, mmeharibu ukoo.

Mjumbe huyu ana ugonjwa mmoja, na lazima niuseme kwa sababu umewahi kuninyima usiku mzima. Mwanafunzi wangu, kijana safi, mpenda usafi, aliona waya mmoja kwenye swichi ncha yake inaning'inia. Akaona si vizuri. Akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi la swichi ile ile. Ncha zote mbili, swichi moja! Ndani ya dakika taa zote zikaanza kupepesa kwa pamoja, haraka haraka, kama ukumbi wa harusi, na mtandao ukafa huku kila kitu kikionekana kina furaha.

Nini kimetokea? Kompyuta moja iliuliza, "Jamani, nani mwenye anwani hii?" Tangazo kama hilo swichi hulipeleka kila tundu. Likatoka tundu la tano, likapita kwenye ule waya, likaingia tundu la tisa, na mjumbe akaona ni tangazo jipya akalitangaza tena. Likatoka, likarudi, likatangazwa. Mmewahi kuona uvumi wa mtaani? Unamwambia fulani, jioni fulani wa tatu anakuletea wewe mwenyewe habari ile ile, nawe unaipokea kama mpya. Mashine inafanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde, mpaka hakuna nafasi ya neno la maana.

Dawa yake aliibuni mama mmoja mhandisi, Radia Perlman, mwaka 1985 akiwa kampuni ya kompyuta iitwayo Digital. Aliandika utaratibu ambao swichi zinasemezana, zinachagua moja kuwa shina, kisha kila njia inayoleta mzunguko inafungwa kwa hiari na kusubiri. Ya kwanza ikikatika, iliyofungwa inafunguka. Swichi za bei nafuu mnazonunua mara nyingi hazina utaratibu huo. Sisemi msizinunue, najua mifuko yetu. Nasema mjue mlichonunua.

Sasa nawaomba radhi walimu, nitasema kosa langu mwenyewe.

Ofisi moja niliishauri iweke intaneti ya kampuni mbili, ili moja ikikata nyingine ibebe. Bosi alikubali kwa shida, akilalamikia bili kila mwezi. Mwaka wa pili, kijiko kilikuwa kinachimba mtaro wa bomba la maji barabarani. Simu ikaita: zote mbili zimekata. Nikasema haiwezekani. Nikaenda mwenyewe, nikasimama ukingoni mwa ule mtaro, nikaona faiba mbili, moja ya chungwa na moja nyeusi, zimening'inia kwenye meno ya kijiko kama tambi. Kampuni mbili, bili mbili, mtaro mmoja. Sikuwa nimeuliza nyaya zinapita wapi. Niliuliza bei, niliuliza kasi, nikachora mchoro mzuri wenye mistari miwili. Kwenye karatasi mistari ilikuwa mbalimbali.

Aliyelifikiria jambo hili mapema ni Paul Baran wa taasisi ya RAND kule Marekani. Mwaka 1964, hofu ya mabomu ya nyuklia ikiwa juu, alichapa michoro mitatu: nyota moja, nyota nyingi zilizoungana, na ya tatu jarife. Akapiga hesabu za kukatakata. Akaona kwamba huhitaji kila kituo kiungane na vyote, ukikipa kila kimoja njia tatu au nne tu, jarife linavumilia vipigo vya kutisha. Na ujumbe usisafiri kama gogo zima, ukatwe vipande vidogo vyenye anwani, kila kipande kitafute njia yake, viungane mwishoni. Hizo ndizo pakiti. Tarehe 29 Oktoba 1969 mtandao wa kwanza wa namna hiyo, ARPANET, ulijaribiwa kati ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles na Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Walitaka kuandika neno LOGIN. Ikafika L, ikafika O, mashine ya upande wa pili ikaanguka. Kwa hiyo mkikwama kwenye mazoezi ya vitendo, mmetanguliwa na wakubwa.

Na sisi huku? Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu wa Nairobi akimtumia jirani yake barua pepe, na kampuni zao za intaneti ni tofauti, barua ilipanda kwenye setilaiti kilomita elfu 36 juu, ikashuka ng'ambo, ikageuzwa, ikapanda tena, ikarudi Nairobi mtaa wa pili. Na safari hiyo ililipiwa kwa dola. Wenye kampuni wakajenga kituo cha kubadilishania data humo humo Nairobi mwaka 2000. Kikafungwa na msimamizi wa mawasiliano baada ya wiki chache, wakapigania leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kifaa chenyewe kikubwa pale ndani kilikuwa nini? Swichi, ndugu zangu. Mjumbe wa nyumba kumi, ila kila nyumba ni kampuni.

Kisha zikaja nyaya za baharini: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy 2010. Tukasema tumepona. Nani hapa anaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Naona mikono. Miamala ilikwama, WhatsApp ikawa inazunguka tu, wengine mlizima na kuwasha simu mkidhani ni zenu. EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika pamoja kusini, upande wa bahari ya Afrika Kusini. Na kaskazini? Kipande cha SEACOM cha Bahari ya Shamu kilikuwa kimeshakatika tangu Februari, baada ya meli iliyopigwa kule kuburuta nanga yake juu ya nyaya, na kilikuwa hakijaunganishwa. TEAMS inayotoka Mombasa kwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, ilikuwa na njia yake peke yake, na yenyewe ilishawahi kukatwa na nanga mwaka 2012 hapo nje ya Mombasa. Ukihesabu majina ya nyaya, tulikuwa na nyingi. Ukihesabu mitaro, zilikuwa ngapi?

Mtu wa nyuma pale ananionyesha saa. Namaliza.

Asubuhi nilifika mapema, nikaomba ufunguo wa kabati la swichi la jengo hili. Liko nyuma ya mlango ule wa stoo, chini ya bomba la maji, na bomba hilo nitazungumza na mkuu faragha. Ndani kuna swichi moja ya matundu 24, haina chandarua. Nyaya ishirini na moja nimezitambua. Ya ishirini na mbili ni ya njano, inapanda kwenye dari, na nimeuliza watu wanne, hakuna anayejua inakokwenda. Taa yake inapepesa, maana yake kuna kitu upande wa pili, kinaongea.

Msiichomoe. Ngazi iko nje, tochi ninayo. Nataka vijana wawili wapande darini na wengine mtawanyike vyumbani, tuufuate waya mpaka tujue ni wa nani.